Fuko na Laikeni: Nani Bingwa wa Ukame?

Ukisafiri kwa basi kwenda Mombasa na kufika Mtito Andei, Makueni, tupa jicho kando ya njia. Huenda ukaona vichuguu vidogo vyenye tundu juu, vikirusha udongo mithili ya volkano. Usidhani ni mchwa. Chini yake yumo fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi iliyokunjamana na meno yaliyotokeza nje ya midomo.

Mnyama huyu hahitaji kunywa maji; huyapata katika viazi vya mwituni. Mwaka wa 1981 mtafiti Jennifer Jarvis aliwashangaza wanasayansi alipoeleza kwamba fuko hawa huishi kama nyuki: malkia mmoja huzaa, wengine humtumikia. Kundi moja huweza kuwa na fuko 70 au zaidi. Wakipata kiazi kikubwa, hula nyama ya ndani na kuacha ganda, nacho huendelea kukua.

Sasa twende Kitui, kwenye jiwe la Nzambani. Mabaka yaliyoganda mwambani huitwa laikeni, ndugu wa marere yaliyouzwa ng'ambo kutoka Zanzibar katika karne ya 19 kutengenezea rangi ya zambarau. Laikeni ni viumbe wawili katika nyumba moja: kuvu hujenga na kushika maji, mwani hupika chakula kwa nguvu za jua. Kiangazi hukauka kabisa na kusimamisha kazi. Ikilowa, huamka baada ya muda mfupi. Mwaka wa 2005 laikeni zilipelekwa anga za juu, zikakaa wiki mbili pasipo hewa, zikarudi hai.

Basi nani bingwa? Kwa kuvumilia njaa, laikeni humshinda fuko. Lakini hukua polepole mno; anayekwaruza jina lake mwambani hufuta kazi ya miaka mingi.

Hata hivyo, wote wawili wana siri moja. Fuko huchimba zaidi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, maana kiangazi ardhi huwa ngumu kama saruji. Laikeni nayo hukua inapolowa tu. Wakulima wa Ukambani wanaijua siri hiyo: vikundi vya mwethya hujenga mabwawa ya mchanga mitoni, na mvua ikinyesha maji husalia humo miezi mingi.

Kwa hiyo mzazi, wanao wakikuuliza ukame hushindwaje, wajibu: hushindwa siku ya mvua, tena kwa ushirikiano.