Land Rover ya Kikundi Kabla ya Masika

Leo sizungumzi juu ya mbegu wala mbolea, nazungumza juu ya gari. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameacha kazi yake amehamia gereji. Lakini kabichi iliyokatwa alfajiri huko milimani Lushoto, ikalala njiani siku mbili kwa sababu gari limezama kwenye tope, ni hasara ya shamba sawasawa na ile ya viwavi. Na gari hilohilo ndilo linaloitwa usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali. Masika inaanza Machi. Basi gari lipimwe Februari, wakati barabara kavu na fundi hajaandamwa na watu.

Nitasema zaidi habari za Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, kwa sababu vikundi vingi bado vinaitegemea. Land Cruiser za zamani zenye gia ya pili ya mkono hupimwa karibu vilevile.

Kwanza tuelewane gari hili linavyofanya kazi. Siku zote linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ukikandamiza kile kijiti chenye kichwa cha manjano, giaboksi ndogo inaunganisha shafti ya mbele na ya nyuma, na magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Kijiti chenye kichwa chekundu ukikivuta nyuma gari likiwa limesimama, unapata gia za nguvu, na magurudumu manne yanaungana yenyewe. Kuna jambo madereva wengi hawaambiwi: magurudumu ya mbele yakiungana na ya nyuma, yote yanalazimika kwenda mwendo mmoja. Lakini kwenye kona ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi inateleza kidogo, mambo yanakwisha. Kwenye lami haitelezi, na ule msokoto wote unabaki ndani ya shafti na meno ya gia. Dereva anayetoka Lushoto mpaka Mombo kwenye lami huku kijiti cha manjano kiko chini anavunja gari la kikundi polepole, na hajui. Tairi za mbele na za nyuma zisipolingana ukubwa, ni balaa lilelile. Kwa hiyo kabla ya kulaumu giaboksi, angalieni tairi.

Halafu tazama habu, yaani katikati ya magurudumu ya mbele. Magari mengi yamefungwa habu za kufunga na kufungua kwa mkono. Zikiwa zimefunguliwa, hata ukandamize vijiti vyote gurudumu la mbele halivuti. Lazima zote mbili zisomeke LOCK. Moja tu ikiwa wazi, hupati kitu upande wowote. Nimeshaona gari limesukumwa na kijiji kizima kumbe habu ya kushoto haijafungwa. Zile zilizokaa mwaka mzima bila kuguswa hushika kutu. Zizungushe zote mbili mara kadhaa, na ikiwa ngumu isilazimishwe kwa koleo, ifunguliwe na kupakwa grisi.

Sasa kipimo chenyewe. Chagua mahali tambarare penye udongo laini. Funga habu zote mbili, kandamiza kijiti cha manjano, uende mbele hatua chache ili meno yashikane, kisha simama. Zima injini. Vuta breki ya mkono. Halafu weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti pale nyuma ya giaboksi ndogo. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, lile la hewani linazunguka kinyume, na gari linateremka mlima na breki yake imevutwa. Watu wameumia hivyo. Basi mawe kwanza, jeki baadaye, na jeki iwe ya mbele.

Inua gurudumu moja la mbele, ujaribu kulizungusha kwa mkono. Kama kila kitu ni kizima litacheza kidogo tu, kisha litagoma. Likizunguka huru, mwambie mwenzako achungulie chini aitazame shafti ya mbele. Shafti ikizunguka pamoja na gurudumu, ubovu uko kwenye giaboksi ndogo: manjano haijashika, au springi na vyuma vyake vimelika. Shafti ikitulia huku gurudumu linazunguka, ubovu uko mbele: habu, ekseli shafti iliyokatika, au difu. Lakini usihukumu ule upande ulioinua tu. Kwa jinsi difu ilivyo, ekseli shafti ikikatika kulia, gurudumu la kushoto nalo litazunguka huru. Fundi afungue pande zote mbili. Na kamwe usiwashe injini na kuingiza gia gurudumu moja likiwa hewani na manjano iko chini; gari litaruka kutoka kwenye jeki.

Ukiwa bado chini, shika shafti uitikise. Krosi ikicheza, au ukiona vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake, ndiyo ile inayogonga “ko!” dereva anapoachia klachi. Kubadili krosi ni kazi ndogo. Ukiiacha ikatike mtoni, shafti inaweza kupasua vilivyo karibu nayo.

Oili usiikadirie kwa macho. Fungua nati ya pembeni ya difu, ingiza kidole: iwe inafika ukingoni. Fanya hivyo mbele na nyuma, na kwenye giaboksi ndogo. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwagwe yote, si kuongezea. Maji huingiaje? Ekseli ikiwa ya moto na kutumbukia kwenye maji baridi ya mto, hewa ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Kuna kipumulio kidogo juu ya ekseli kilichowekwa kwa ajili hiyo. Kikizibwa na tope, sili hazidumu hata uzibadili kila mwaka. Kisafishe kwa waya.

Ukinunua gari kuukuu la aina nyingine, uliza kwanza. Land Rover nyingi zilizotoka baada ya 1983 huvuta magurudumu manne muda wote, na zina kifungio chao cha katikati. Hizo zina dalili nyingine: ekseli shafti moja ikikatika gari linagoma kabisa kwenda mpaka ufunge kifungio hicho.

Kazi yote hii ni ya asubuhi moja, watu wawili, jeki, spana na ndoo ya oili namba 90. Mweka hazina awepo, aone mwenyewe kilichoharibika, ili fedha ya spea itolewe kabla mazao hayajaanza kushuka.