Meli Zinapogongana, Mwenye Mzigo Hulipwa na Nani?

Sheria ya bahari haimhesabu nahodha kuwa mkosaji kwa sababu tu meli yake imegonga nyingine. Anayedai fidia ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa upande wa pili ulizembea na kwamba uzembe huo ndio ulioleta hasara. Kipimo kikuu ni Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, zinazotaka kila chombo kiwe na mtu wa kutazama na kusikiliza wakati wote, kiende kwa mwendo wa salama, na kigeukie kulia kinapokutana uso kwa uso na kingine. Njia zikikatana, meli inayoiona nyingine upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Hata yenye haki ya kupita haisamehewi ikishikilia njia yake hali ni dhahiri kuwa haitapishwa.

Kwa kuwa ni nadra kosa kuwa la upande mmoja, Mkataba wa Brussels wa 1910 uliamuru hasara igawanywe kwa uzito wa kosa la kila meli, au nusu kwa nusu pale uzito huo usipopimika. Majeruhi, na wategemezi wa waliofariki, wanaweza kudai fidia yote kwa meli yoyote iliyokosa, na hapo mkataba ulitenda haki.

Tarehe 8 Mei 2005, katika Ziwa Victoria, MV Kabalega na MV Kaawa, meli za mabehewa za Shirika la Reli la Uganda, ziligongana. Kabalega ikazama, na Kaawa ikarudi Port Bell ikiwa imeharibika omo. Mmiliki akiwa mmoja hana wa kumshtaki, ndiyo maana wenye meli nyingi hukata bima yenye sharti la kuzihesabu kana kwamba ni za wamiliki tofauti.

Anayeachwa pabaya ni mwenye mzigo. Mfanyabiashara anayekusanya mbaazi Gairo na kuzipakia Dar es Salaam kwenda India hashiki usukani, lakini mzigo wa shilingi milioni 100 ukipotea katika ajali ambayo meli iliyoubeba ilikosa kwa asilimia 60, atadai milioni 40 tu kwa meli ya pili. Milioni 60 zilizobaki, ikiwa mkataba wa uchukuzi unafuata Kanuni za Hague za 1924, hazidaiki, kwa sababu kanuni hizo humwondolea mchukuzi dhamana ya makosa ya nahodha katika kuongoza chombo. Kanuni za Hamburg za 1978 ziliifuta kinga hiyo, ila mataifa makubwa ya meli hayakujiunga nazo, na leo, meli zikifuatiliwa kwa setilaiti saa zote, ni vigumu kuitetea. Kwa mnunuzi wa Gairo, fidia kamili hutoka kwenye bima ya mzigo iliyokatwa kabla ya kupakia, na dai lake dhidi ya meli ya pili hufa likipita miaka miwili tangu ajali.