Ugonjwa mmoja, amri tofauti: kwa nini nchi jirani hazikufuata njia moja wakati wa korona

Kama una dada Nyarugusu, mjomba Nakivale na rafiki Kakuma, huenda unazikumbuka simu za katikati ya mwaka 2020. Dada alisema shule zimefunguliwa. Mjomba alisema bodaboda zinabeba mizigo tu, abiria hapana. Rafiki alisema hawezi kutoka kambini. Ungeweza kudhani mmoja wao anadanganya, lakini wote walisema kweli.

Virusi vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa kila serikali.

Rwanda ilifunga mapema, Machi 2020, na watu wakatakiwa kukaa nyumbani. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku, ambayo iliondolewa Oktoba 2021 tu. Mwishoni mwa Aprili 2020 ilisimamisha pia kuingia na kutoka katika kambi za Dadaab na Kakuma.

Uganda ilikuwa kali zaidi upande wa shule: zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu alikaa karibu miaka miwili bila masomo ya kawaida. Aprili 2020 mgao wa fedha za chakula kwa wakimbizi nao ulishuka kutoka shilingi 31,000 hadi 22,000 kwa mtu kwa mwezi. Hapa usichanganye mambo. Hiyo haikuwa amri ya korona. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikosa fedha za kutosha. Lakini mama aliyefungiwa soko lake na kupunguziwa mgao mwezi huohuo aliyapata yote kama pigo moja, na huwezi kumlaumu.

Tanzania haikuwafungia watu ndani. Shule zilifungwa Machi na kufunguliwa tena kufikia mwisho wa Juni 2020. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa mwaka huohuo, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Tangu hapo, aliyekuwa Nyarugusu au Nduta hakuwa na namba ya kumwongoza, na kukosa namba si sawa na kukosa ugonjwa. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuingia madarakani Machi 2021, iliundwa kamati ya wataalamu, na chanjo ikaanza Julai mwaka huo.

Burundi iliendelea na kampeni na uchaguzi wa Mei 2020. Wiki chache baadaye, chini ya Rais Ndayishimiye, serikali ilitangaza korona kuwa adui mkubwa na kushusha bei ya sabuni.

Kwa nini tofauti zote hizi? Kila serikali ilipima vitanda vya hospitali, watu wanaokula siku waliyofanya kazi tu, na siasa zake. Kufunga soko ni rahisi kwa mwenye mshahara.

Kwako wewe, jambo la kushika ni kwamba amri hufuata ardhi unayokanyaga, si uraia wako. Mkongo aliye Nakivale anafuata amri ya Uganda. Vilevile kwa huduma: Rwanda ilipoanza kuchanja Machi 2021, wakimbizi walikuwemo tangu mwanzo.

Mipaka je? Mingi ilifungwa, lakini katazo la kumrudisha mtu kwenye hatari halikufutwa na korona. Julai 2020 Uganda ilifungua mpaka wake huko Zombo kwa siku chache, ikapokea zaidi ya watu 3,000 waliokimbia mapigano ya Ituri, ikawaweka kwanza karantini. Kwa hiyo ukiambiwa "mpaka umefungwa", uliza kama umefungwa pia kwa anayeomba hifadhi.

Na sauti ya WhatsApp ikikufikia kuhusu ugonjwa mwingine, kabla ya kuituma mbele uliza: ni ya nchi gani, ya tarehe gani? Kisha muulize mhudumu wa afya wa eneo lako amri iliyopo leo ni ipi.