Nani Mteja, Nani Mtumishi?

Zipo siku hizi shule na zahanati za vijijini zinazotunza madaftari yao ndani ya kompyuta. Ni jambo jema. Lakini kompyuta huharibika, na kazi ya miaka mingi ikapotea kwa siku moja. Ndiyo sababu yafaa kuweka nakala katika mashine nyingine. Akiba haiozi. Wazee wa Ugogo waliopona njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, walilijua sana jambo hilo.

Basi, fundi akija kuweka programu ya kazi hiyo, utamsikia akitaja maneno mawili: “mteja” na “seva”, yaani mtumishi. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Dukani, mteja ndiye anayepiga hodi, na mtumishi humngoja. Katika kazi ya akiba mambo huweza kugeuka.

Itazame programu iitwayo Bacula, iliyotolewa kwa watu mwaka 2002. Kwake, mteja ni mashine yenye madaftari ya kunakiliwa, hata kama mashine hiyo ni seva kubwa inayohudumia chuo kizima. Tena mteja huyo hapigi hodi. Hukaa kwake akisikiliza kwenye mlango namba 9102, na saa ikifika, msimamizi wa kazi humwendea. Ni kama msimamizi wa ghala la kijiji apitaye nyumba kwa nyumba: yeye hubisha hodi, kisha mwenye mtama hupeleka mzigo wake ghalani.

Je, kuna hasara gani kukosea majina? Hasara ni kubwa. Fundi aliyechanganya hufungua mlango wa mashine isiyohusika. Msimamizi anakuta pamefungwa, nakala haichukuliwi, na kama hakuna anayesoma taarifa za programu, mtajua siku diski itakapokufa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimwulize fundi majina. Mwulize mambo matatu: Madaftari ya asili yamo katika mashine gani? Nakala zinatunzwa katika ipi? Ni ipi inayoanza kumwita mwenzake? Andika majibu katika karatasi, uibandike ukutani.

Mwisho, mwambie arudishe daftari moja kutoka katika akiba, mbele ya macho yako, na aliweke mahali pa pembeni asije akafuta la asili. Likisomeka, akiba unayo. Lisiposomeka, unalo jina tu, na jina halijazi ghala.