Deni, Mawazo na Dodoso: Kushiriki Utafiti wa Fedha na Afya ya Akili

Utafiti wa uzoefu wa maisha ni utafiti unaomchukua mtu aliyeyapitia mambo kuwa mjuzi wa mambo hayo. Ukihusu fedha na afya ya akili, mjuzi huyo ni mkulima aliyeuza mpunga ungali shambani ili alipe deni, mama lishe anayekosa usingizi kila inapokaribia siku ya marejesho, au kijana aliyeugua sonona, akapoteza kibarua, akaishia kuishi kwa kukopa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Utafiti wa namna hii unamwendea aliyelala kwenye kitanda hicho, unamwomba aeleze, na unayapa maelezo yake uzito ule ule unaopewa kipimo cha maabara.

Bonde lililozoea kuulizwa

Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kuulizwa maswali na watafiti si jambo geni. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mwanasayansi kutoka Uswisi, alianzisha maabara ya utafiti Ifakara, jirani na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyojengwa na wamisionari Wakapuchini. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye makao yake Mlabani, hapo hapo Ifakara. Tangu mwaka 1996 taasisi hiyo imekuwa ikifuatilia kaya za vijiji vya bonde hili: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Katika kijiji cha Idete ilijaribiwa chanjo ya malaria ya SPf66 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika Kilombero ulisaidia kuonyesha kwamba vinaokoa maisha ya watoto wadogo.

Kwa hiyo mdadisi mwenye mkoba begani, anayebisha hodi na kuanza na "Shikamoo mama", anajulikana. Wenyeji wamezoea kuchomwa kidole na kuulizwa walilala ndani ya chandarua au la. Maswali ya fedha na mawazo ni ya aina nyingine. Homa haina aibu, lakini deni lina aibu, na maradhi ya akili yana aibu zaidi. Mtu anaweza kumwambia mgeni mtoto wake aliugua mara ngapi, akashindwa kumwambia hata mwenzi wake anadaiwa kiasi gani.

Fedha na akili zinavyoshikana

Uhusiano wa mambo haya mawili unakwenda pande zote mbili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science yalionyesha kwamba, ndani ya eneo moja, watu wenye kipato cha chini kabisa wanapata sonona au wasiwasi uliopitiliza mara 1.5 hadi 3 zaidi ya wenye kipato cha juu. Uhaba wa fedha huleta hofu ya kesho, hofu hufukuza usingizi, na asiyelala huamua mambo vibaya. Kwa upande wa pili, aliyezidiwa na sonona hukosa nguvu ya kwenda shamba, hushindwa kufuatilia hesabu zake, na hutumia akiba kutafuta tiba, hospitalini au kwa mganga. Huko Uingereza, watu wenye matatizo ya afya ya akili wamekutwa na madeni yaliyowashinda mara tatu na nusu zaidi ya wengine.

Kilombero mzunguko huo unafuata msimu wa mpunga. Fedha hutoka mapema: kulima, mbegu, palizi, vibarua. Januari huongeza sare, madaftari na michango ya shule. Familia nyingi huhamia mashamba ya mbali kwa wiki au miezi, zikilala kwenye dungu na kuamia ndege, huku ghala la nyumbani likizidi kupungua. Mavuno yakija, kila mtu anauza kwa wakati mmoja na bei inashuka, na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, humpunja mkulima kilo ambazo halipwi. Mwenye deni hawezi kungoja bei ipande.

Katika pengo hilo ndipo mikopo inapoingia. Iko ya VICOBA, ambako wanachama wanajuana na hisa zinahesabiwa hadharani. Iko ya simu, inayopatikana kwa kubonyeza mara chache. Na iko ile ambayo Watanzania wenyewe wameipa jina la kausha damu, yenye riba kali, marejesho ya kila siku au kila wiki, na vyombo vya ndani vinavyobebwa mbele ya majirani. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kukopa harusi, kulipa matanga: msemo huo wa zamani unaeleza sawasawa jambo ambalo watafiti wanataka kulipima.

Kazi inavyokwenda

Utafiti halali hauanzi mlangoni kwa mtu. Huanza kwenye kamati ya maadili, kwa mfano ya taasisi yenyewe, na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kisha barua hupita mkoani, halmashauri na serikali ya mtaa au kijiji, hadi kwa mwenyekiti. Anayefikiwa na mdadisi ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi na kuonyeshwa.

Hatua inayofuata ni ridhaa. Fomu husomwa kwa sauti: utafiti unahusu nini, utachukua muda gani, una hatari gani na faida gani, nani atayaona majibu, na nani wa kupigiwa simu kukiwa na malalamiko. Asiyejua kusoma huwa na shahidi anayemwamini, na huweka dole gumba lenye wino penye mstari wa sahihi. Ridhaa si mkataba wa kumfunga mtu. Mshiriki anaweza kuruka swali, kusimamisha mazungumzo, au kujitoa siku ya pili bila kueleza sababu, na kujitoa kwake hakumpunguzii huduma yoyote ya zahanati au hospitali.

Baada ya ridhaa huja dodoso. Kipimo kimoja kinachotumika sana, na ambacho kimefanyiwa majaribio kwa Kiswahili hapa Tanzania, ni PHQ-9. Kina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili, kupooza au kuhangaika, na mawazo ya kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama hizo zinamwonyesha mtaalamu nani aangaliwe kwa karibu, lakini kipimo peke yake hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa.

Dodoso lina mipaka yake. Mwanamke wa Ifakara anaweza asiseme ana sonona, akasema ana mawazo mengi, moyo mzito, au kichwa kinamuuma na dawa hazisaidii. Ndiyo maana watafiti huongeza mazungumzo ya kina, majadiliano ya vikundi, na njia za kuonyesha kwa vitendo. Mojawapo ya njia hizo ni kalenda ya msimu. Chini ya mwembe huchorwa ardhini safu 12, moja kwa kila mwezi. Kila mshiriki hupewa kiganja cha mahindi au kokoto, na huulizwa: fedha huingia mwezi gani? Punje hurundikana Juni na Julai. Hutoka mwezi gani? Zinatawanyika kuanzia Novemba. Deni? Usingizi mbaya? Washiriki huzihamisha punje, wanabishana, wanazirudisha, mpaka wakubaliane. Ikitokea rundo la deni na rundo la kukosa usingizi yamekaa mwezi mmoja, kila aliyezunguka pale ameyaona, na mtafiti anajua swali la kufuata.

Swali la tisa

Swali la mwisho la PHQ-9 ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linauliza kama katika wiki mbili hizo mtu ameona afadhali afe au ajidhuru. Mdadisi aliyefunzwa haliharakishi wala halimung'unyi. Mshiriki akijibu ndiyo, dodoso huwekwa kando na utaratibu uliopangwa tangu mwanzo huanza: kuuliza kwa utulivu kama yuko hatarini sasa, kutomwacha peke yake, na kumuunganisha na mhudumu wa afya. Utafiti usio na mpango huo haustahili kibali.

Hapa pia ndipo usiri una mpaka wake, na mpaka huo husemwa kabla ya swali la kwanza: siri hutunzwa, isipokuwa pale maisha ya mtu yakiwa hatarini. Jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa sheria ya Tanzania imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Nchini Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba.

Haki, fidia na hatari

Mshiriki hupewa fidia ya muda na nauli. Kiwango chake hupitiwa na kamati ya maadili, kwa sababu kina mitego miwili. Kikiwa kidogo mno, maskini anapoteza siku ya kibarua ili wengine wapate elimu. Kikiwa kikubwa mno, mwenye deni anashindwa kukataa hata kama moyo hautaki. Fidia si mkopo, si ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, wala si malipo ya majibu mazuri. Anayesema hana tatizo lolote hulipwa sawa na aliyetoa machozi.

Taarifa zenyewe zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya na za miamala ya fedha miongoni mwa taarifa nyeti. Majina hutenganishwa na majibu na kubadilishwa kuwa namba. Hata hivyo, katika kikundi cha majadiliano mtafiti hawezi kuwafunga watu midomo, hivyo la siri kabisa husubiri mazungumzo ya wawili. Mahali pa kukaa napo huchaguliwa kwa busara: uani kwa jirani ambaye ndiye mweka hazina wa VICOBA si mahali pa kusimulia marejesho yaliyokwama.

Hatari nyingine ni uvumi. Afrika Mashariki inaijua hofu ya mumiani, wanaodhaniwa kunyonya watu damu, na gari geni linalosimama mara kwa mara kwenye nyumba moja huzua maneno. Mikutano ya wazi ya mtaa kabla ya kazi kuanza, na wadadisi wanaotoka katika jamii hiyo hiyo, hupunguza hofu. Lakini mdadisi wa mtaa mmoja na mshiriki anaweza kuwa ndugu au mdai wake, kwa hiyo mshiriki ana haki ya kuomba mwingine.

Majibu yanavyofanya kazi

Mifano ya karibu inaonyesha faida ya kusema. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kaya maskini zilipewa fedha bila masharti kupitia M-Pesa, nyingine shilingi 25,200 za Kenya na nyingine 95,200. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopokea waliridhika zaidi na maisha na walipungukiwa na msongo. Huko Nakuru, utafiti mwingine uliohusisha watu 5,756 ulilinganisha fedha na ushauri nasaha wa wiki tano. Mwaka mmoja baadaye fedha zilikuwa zimeleta nafuu, ilhali ushauri ule haukuonyesha tofauti. Hapa nchini, mpango wa Ujana Salama, uliowafikia vijana wa kaya za TASAF huko Mufindi, Mafinga, Rungwe na Busokelo, uliambatana na utafiti uliouliza pia dalili za sonona.

Katika tafiti hizo mshiriki alijibu alichoulizwa. Njia nyingine inamsogeza hadi kwenye kupanga maswali. Shirika la BasicNeeds, lililofanya kazi Mtwara, liliunganisha tiba ya akili na shughuli za kipato, na likaandika masimulizi ya maisha ya wagonjwa wenyewe kama sehemu ya utafiti. Uingereza, taasisi ya Money and Mental Health iliyoanzishwa mwaka 2016 na Martin Lewis ina jumuiya ya maelfu ya watu waliopitia maradhi ya akili, ambao hujibu madodoso na kusimulia yaliyowakuta. Walieleza jinsi barua za wadai zenye maneno ya vitisho zilivyowazidishia maradhi, na mwaka 2020 serikali ikatangaza kuyabadili maneno hayo. Mei 2021 ulianza utaratibu unaomsimamishia mdaiwa riba na ufuatiliaji kwa siku 60, na aliye kwenye tiba ya dharura ya akili hulindwa muda wote wa tiba na siku 30 za ziada.

Hatua ya mwisho ya utafiti ni mrejesho. Mshiriki ana haki ya kujua majibu yake yalisema nini yalipowekwa pamoja na ya wenzake, kwa Kiswahili chepesi, kwenye mkutano wa mtaa, kabla au wakati ule ule yanapochapishwa ng'ambo. Mrejesho ukifika, kikundi cha VICOBA kinaweza kusogeza marejesho kutoka Februari hadi Julai, zahanati inaweza kujua mwezi wa kuulizia usingizi wa watu, na halmashauri inaweza kuona ni lini mikopo yake ya kina mama na vijana inahitajika zaidi.