Mguu Umetoka, Injini Bado Inavuta

Dereva anashuka na Corolla ya zamani kutoka mlima wa Bugando kuelekea katikati ya jiji. Ameshainua mguu kwenye pedeli ya mafuta, lakini gari bado linavuta, kana kwamba kuna mguu mwingine umebaki pale. Anapenyeza ncha ya kiatu chini ya pedeli na kuinyanyua, inarudi kwa kishindo, safari inaendelea. Wapo wanaoishi na hila hiyo kwa miezi. Mwanza ni jiji la mawe na miteremko, na anayevuka kwa kivuko cha Kamanga hulazimika kuingiza gari polepole, mbele yake pakiwa na magari ya wenzake na maji. Pedeli inayonasa katika mazingira hayo ni hatari, na inasikitisha kuona inavyochukuliwa kuwa kero ndogo ya gari lililozeeka.

Inasikitisha zaidi kwa sababu ugonjwa wenyewe unatibika, mara nyingi kwa nusu siku na fedha kidogo. Sharti ni moja: fundi ajue kwanza inanasia wapi. Gereji nyingi huanzia mwisho. Wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta, wanadondoshea oili kwenye waya, na ikishindikana wanafunga kipande cha mpira wa tyubu kuvuta mafuta yarudi. Gari linaondoka likiwa zuri, na wiki inayofuata linarudi.

Katika magari ya zamani, yawe ya kabureta kama Peugeot 504 au yale ya Toyota ya miaka ya 1990 yenye nozeli lakini bado yanatumia waya, mpangilio ni ule ule. Pedeli inavuta waya wa aksileta, waya unazungusha mhimili mwembamba kwenye throto, na mhimili unafungua kisahani kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Kukifunga ni kazi ya springi. Mguu ukitoka, springi peke yake ndiyo inayorudisha kila kitu, kwa hiyo ukinzani wowote katika njia hiyo, hata mdogo, unaweza kuishinda nguvu.

Njia ya kupata jibu haihitaji kompyuta. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa ncha ya waya pale throto, kisha fungua na kuachia kisahani kwa vidole. Kikinasa, tatizo liko kwenye throto. Kikirudi kwa kasi na kugonga mwisho wake, throto haina kosa. Chomoa basi waya upande wa pedeli pia, kisha uuvute huku na kule ndani ya ala yake. Ukikwaruza au ukisita, umempata mkosaji. Vyote viwili vikiwa huru, kinachobaki ni pedeli yenyewe, bawaba yake na kapeti lililo chini yake. Dakika kumi, na hakuna spea iliyonunuliwa kwa kubahatisha.

Throto huchafuka kwa sababu mbili zinazokutana. Ringi za pistoni zilizochoka huachia mvuke wa oili, na mvuke huo hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uungue. Kwa upande mwingine kuna vumbi. Gari linalokwenda vijijini Kwimba au Magu, likiwa na chujio la hewa lililotoboka au lisilokaa vizuri, hulila kila siku. Vumbi likikutana na oili hutengeneza utando mweusi pembeni mwa kisahani, na hapo ndipo kinaposhikwa kinapotaka kufunga. Toa bomba la hewa, lowesha tambara kwa dawa ya throto, futa ukingo wa kisahani na ukuta unaokizunguka, pande zote mbili, ukitumia mswaki laini penye ugumu. Usimwagie dawa sensa iliyo ubavuni. Petroli isitumike kabisa injini ikiwa ya moto. Na kwa magari mapya yasiyo na waya, ambayo kisahani chake huzungushwa na mota, usikilazimishe kwa kidole.

Kuna skrubu ndogo inayozuia kisahani kisifunge hadi kugusa ukuta. Hiyo iliwekwa kiwandani na haitakiwi kuguswa. Fundi anayetaka kushusha silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, akiilegeza, kisahani huanza kusugua ukuta na kuchimba mfereji. Baada ya hapo hakuna dawa itakayosaidia; ni kutafuta throto nyingine kwenye maduka ya spea za mtumba.

Waya nao una tabia zake. Hukatika uzi mmoja mmoja, hasa kwenye ncha na pale unapopita kwenye ukuta wa injini, na nyuzi zilizokatika hukwama ndani ya ala. Waya wa namna hiyo haulainishwi, unabadilishwa. Mpya upitishwe kwa mkunjo mpana, mbali na bomba la moshi, na uachiwe ulegevu kidogo.

Lakini wapo wanaobadilisha waya na throto, na gari likaendelea kunasa mlimani tu. Hao watazame maunting za injini, yaani vishikio vyenye mpira vinavyoibeba. Mpira wake ukikatika, injini hunyanyuka pale gari linapovuta kwa nguvu, na waya huvutika bila pedeli kuguswa. Kosa hilo lina historia: mwaka 1971 kampuni ya General Motors ililazimika kuyaita magari milioni 6.7 nchini Marekani kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa ule mpira wa tyubu. Simlaumu fundi anayeufunga akiwa njiani bila spea, ili gari lifike. Ninaupinga unapogeuka kuwa matengenezo ya kudumu. Joto la chini ya boneti na mvuke wa oili huulegeza mpira, nao hukatika bila taarifa. Tangu mwaka 1973 kanuni za Marekani zinataka angalau vyanzo viwili vya nguvu ya kurudisha mafuta, kila kimoja kikiweza kazi hiyo peke yake. Ndiyo maana kabureta nyingi zina springi mbili. Ukikuta moja, usiridhike. Angalia kama kuna tundu tupu la pili.

Kapeti pia lisidharauliwe. Mwaka 2009 Toyota iliita takribani magari milioni 3.8 huko Marekani kwa hofu ya makapeti yanayokamata pedeli. Kwetu dereva huweka kapeti jipya juu ya la zamani, na halifungwi popote.

Ikikunasa barabarani, weka gia huru, au kanyaga klachi na kutoa gia. Injini itapiga kelele, iache ipige. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja bila kuachia, kwa sababu mafuta yakiwa wazi busta ya breki hukosa mvuto wa hewa, na kupampu humaliza akiba iliyobaki. Usichomoe ufunguo gari likiwa kwenye mwendo, usukani utajifunga. Simama pembeni, vuta handibreki, ndipo uzime.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie mpande wote garini. Lipandisheni mlima wa Isamilo likiwa limepata moto, kanyaga mafuta kwa nguvu kisha inua mguu ghafla. Rudieni na feni ya kupozea ikiwa imewashwa, halafu fungueni boneti mhesabu springi.