Chama cha Marubani na Majirani wa Uwanja

Rubani mwenye kindege chake cha viti vinne hana nguvu za shirika la ndege. Uwanja anaoutumia waweza kufungwa au ada kupandishwa, naye akapata habari mambo yakiwa yamekwisha. Kwa sababu hiyo marubani na wenye ndege wa Marekani waliunda chama chao, AOPA, mwaka 1939.

Umuhimu wa chama hicho ulionekana vizuri katika vita ambavyo kilishindwa. Usiku wa kuamkia Machi 31, 2003, Meya wa Chicago, Richard M. Daley, alituma matingatinga kwenye uwanja mdogo wa Meigs, kando ya Ziwa Michigan. Kulipokucha, njia ya kurukia ilikuwa imechimbwa alama kubwa za X na ndege 16 zimekwama. Hakukuwa na taarifa yoyote. Meya alisema alihofia usalama wa jiji. Hata anayeikubali hofu hiyo, na hata anayeipenda bustani iliyopo pale leo, hana budi kukiri kwamba kubomoa mali ya umma usiku wa manane ni ubabe.

AOPA haikuuokoa uwanja, ila ilipigania sheria. Jiji lilitozwa faini ya dola 33,000 tu, kwani kiwango cha juu kilikuwa dola 1,100 kwa kila siku kati ya zile 30 za taarifa ambayo haikutolewa. Kabla mwaka 2003 haujaisha, Bunge lilikipandisha hadi dola 10,000 kwa siku. Rubani mmoja mmoja, hata angelalamika vipi, asingelifikisha jambo hilo bungeni.

Suala la mafuta ni gumu zaidi, na hapa ndipo chama kinapopimwa. Petroli ya ndege ndogo, 100LL, bado ina madini ya risasi, ilhali magari ya barabarani Marekani yalipigwa marufuku kutumia petroli ya aina hiyo tangu 1996. Oktoba 2023, shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, lilitamka rasmi kwamba risasi inayotoka kwenye ndege hizo inahatarisha afya ya umma. AOPA inasema inataka risasi iondoke, lakini isiondolewe kabla mbadala haujapatikana, kwa kuwa injini zenye mgandamizo mkubwa zikitiwa mafuta yasiyozifaa zaweza kuharibika angani. Hoja hiyo ni ya kweli, na sheria ya 2024 iliizingatia: viwanja vilivyokuwa vikiuza 100LL vinatakiwa kuendelea nayo hadi mwisho wa 2030, au hadi mbadala unaofaa upatikane.

Lakini anayeishi chini ya njia ya ndege hana kadi ya uanachama, na mtoto wake anavuta hewa ileile. Chama chenye uwezo wa kubadilisha sheria kiutumie uwezo huo kuharakisha mafuta mapya, na kiwaite majirani wa viwanja mezani kabla hawajalazimika kwenda mahakamani.